Eti Mfalme Alikuwa na Laana!

Najua nimeadimika, na wale mnaonitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko, jibu ni hapana, bado nipo nipo. Nilikuwa nimezama kwenye majaribio mawili na kazi moja ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilikuwa mimi na mtu mmoja, wengine walikuja siku ya kuandika majina. Tuachane na hayo. Leo nimekaa chini koridoni, kwenye soketi pekee inayofanya kazi ghorofa yetu, na nina hasira. Nataka niitoe kabla haijapoa.

Hasira yenyewe ni ya kitabu. Msicheke kwanza.

Jumatano usiku ruumeti wangu alirudi saa tano kasoro amevaa sweta la mikono mirefu. Kwenye joto hili la Dar! Huyu binti na joto haviivi kabisa, hata shuka huwa hajifuniki. Nikamwambia vua sweta ndugu yangu utaungua. Akasema anasikia baridi. Haya. Baadaye alipodhani nimelala akalivua, nami nikawasha tochi ya simu, nikaona juu ya kiwiko alama za vidole vinne, vimejipanga kama vile mtu alikuwa anashika mpini wa jembe. Akaanza kunieleza kwamba sivyo ninavyofikiria, kwamba huyo kaka ana mambo mengi moyoni, amekulia kwenye nyumba yenye fujo, huwa hakusudii, na akikasirika ndipo unapoona kwamba anapenda kweli. Halafu akasema maneno ambayo yalinikosesha usingizi mpaka adhana ya alfajiri: "Si wewe ndiye uliyenipa kile kitabu? Yeye ni kama Khalid tu. Ukishajua kinachomsumbua utamwelewa."

Jamani. Mimi ndiye niliyempa kile kitabu.

(Haya ninayoandika ameniruhusu, kwa sharti nisimtaje yeye wala huyo kaka. Kwa hiyo mnaojua mkae kimya, na msiojua msianze upelelezi.)

Kwa ambao hamkijui, kitabu kinaitwa The Wrath and the Dawn, mwandishi wake ni Renée Ahdieh, kilitoka mwaka 2015. Ni ile aina ya riwaya ambayo miaka hii imejaa kila mahali: dunia ya jangwa, kasri lenye marumaru, panga, uchawi, binti jeuri, kijana mwenye nguvu na macho ya hasira. Wanaanza wakiwa maadui wa kuuana, wanaishia kwenye mapenzi. Nilikisoma kwenye simu kwa usiku mmoja na nusu, PDF ya kugawiana, na sitawadanganya: nilikipenda. Nilikipenda mpaka nikaenda kutafuta cha pili. Kwa hiyo anayeandika hapa si yule mtu wa kusema "nyie wadada mnasoma upuuzi." Huyo yupo darasani kwetu, kila akiona mtu kashika riwaya ya mapenzi anauliza kama imo kwenye mtaala, na yeye mwenyewe anaangalia sinema za watu wanaopigana juu ya treni. Bwana wewe, kaa pembeni, hii ni kesi ya familia.

Hadithi yenyewe iko hivi. Khalid ni khalifa wa Khorasan, kijana wa miaka 18. Kila siku anaoa binti, na kila alfajiri binti huyo ananyongwa kwa kamba ya hariri. Shahrzad, miaka 16, yaani hata umri wa kuingia hapa chuoni hajafika, anajitolea kuolewa naye. Kwa nini? Kwa sababu mmoja wa mabinti walionyongwa alikuwa rafiki yake kipenzi, Shiva. Anaingia kasrini na nia moja, kumuua mfalme. Usiku wa kwanza anamsimulia hadithi na kuikatisha alfajiri pale inaponoga, ili mfalme atake kusikia mwisho na amwache hai siku moja zaidi. Mpaka hapo nani hasomi? Mimi nilisahau hata kwenda kula.

Halafu anampenda. Haraka sana. Hata muda wa semista moja haufiki, muuaji wa rafiki yake tayari anamtetemesha magoti. Na karibu na mwisho tunafunuliwa siri kubwa: mfalme hakuwa anaua kwa kupenda. Mke wake wa kwanza alijiua, baba wa yule mke akamlaani: atoe roho za mabinti mia moja, moja kila alfajiri, la sivyo mji wake utaangamia. Alipojaribu kukataa, ukame ukaingia na watu wakaanza kuteseka. Kwa hiyo maskini ya Mungu alikuwa anaua huku moyo unamuuma, hali vizuri, halali vizuri.

Hapo ndipo ninapotaka tugombane.

Laana ile haikuwekwa pale kwa ajili ya Khorasan. Imewekwa kwa ajili yetu wasomaji. Mwandishi anajua kabisa kwamba tumeshampenda yule kijana mwenye macho ya kaharabu, na anajua pia kwamba mikono yake ina damu, sasa inatafutwa sabuni. Laana ni sabuni. Unamwosha, anatoka mweupe, tunapumua, tunaendelea kubusiana. Kumbe hakuwa adui! Adui alikuwa baba mkwe, tena na yeye keshakufa, hatuna wa kumdai. Sasa nauliza: kama hakuwa adui, tuliambiwa kwamba hii ni hadithi ya maadui kupendana kwa nini? Hii ni hadithi ya watu wawili ambao hawakuelewana kwa muda. Hiyo hata mimi na mama wa kafteria tunayo, kila nikidai chenji.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Shahrzad anampenda KABLA hajaijua laana. Ukisoma upya utaona. Alikwisha lainika wakati bado anaamini kwamba huyu mtu aliwanyonga wasichana bila sababu yoyote. Kinachomlainisha ni dalili tu: anaonekana ana huzuni, anapenda kukaa peke yake, anajua kupigana na panga mbili, kuna wakati sura yake inakuwa ya kitoto. Kutokana na dalili hizo anahisi lazima ipo sababu. Na sababu inakuja kweli, kama chakula ulichoagiza. Yaani somo tunalolipata bila kuambiwa ni kwamba ukimwona mwanaume anakutisha na ana huzuni, subiri, sababu iko njiani. Ruumeti wangu anasubiri tangu mwezi wa tatu.

Mtaniambia hadithi hii imetoka kwenye Alfu Lela Ulela, ya zamani hiyo, na kule nako mfalme anasamehewa. Kweli. Wengi wetu tuliikuta ile kwa Kiswahili, wengine kwa kusimuliwa kabla hatujajua kusoma. Lakini hebu ikumbukeni vizuri. Kule Shahriyar hana laana yoyote. Mke wake alimsaliti, akamuua, akaona haitoshi, akaamua kila usiku ataoa binti na asubuhi atamuua ili asisalitiwe tena. Basi. Sababu yake ni wivu, kiburi, na kwamba hakuna mtu wa kumzuia. Msimuliaji wa zamani hakuona haya kusema hivyo. Hakuleta mchawi wa kubeba lawama. Na Shahrazad wa kule hazunguki kasrini anatafuta donda la mfalme ili alipulize. Anafanya kazi. Usiku elfu moja na mmoja, nimepiga hesabu, ni miaka miwili na miezi tisa hivi ya kukaa macho kila usiku na kichwa chako kikiwa rehani. Sisi tunalia na wiki mbili za mitihani.

Sisemi ile ya zamani ni safi. Hata kule mwisho wake watu wanafurahi, na hakuna anayekwenda kubisha hodi kwa wazazi wa wale mabinti wa miaka iliyotangulia. Hilo lilinikera tangu nikiwa mdogo, nikamuuliza mama, akaniambia nilale. Ila angalau haikudanganya kuhusu kosa ni la nani.

Mchezo huu wa sabuni una historia. Mwaka 1919 mwanamke Mwingereza, E. M. Hull, alitoa riwaya inayoitwa The Sheik, na mwaka 1921 ikawa filamu iliyompa umaarufu mkubwa Rudolph Valentino. Binti wa Kiingereza, Diana Mayo, anasafiri jangwani Algeria, anatekwa na sheikh anayeitwa Ahmed Ben Hassan. Kwenye kitabu anambaka, si mara moja, na baada ya muda binti anagundua kwamba anampenda. Wasomaji wa Uingereza na Marekani waliinunua kama maandazi ya moto. Sasa sabuni ya enzi hizo ilikuwa ipi? Mwishoni inafichuliwa kwamba yule sheikh si Mwarabu. Baba yake ni lodi wa Kiingereza na mama yake Mhispania! Yaani kilichowasumbua wasomaji wale si kwamba alimbaka. Kilichowasumbua ni kwamba alimbaka Mwarabu. Wakishaambiwa damu ni ya kwao, mambo yakaisha, harusi ipite.

Miaka karibu mia imepita kati ya kile kitabu na hiki. Na nimtendee haki Ahdieh, yeye hana ule uchafu wa rangi, watu wake wote ni wa huko huko mashariki na wana heshima yao, ndiyo maana wengi wetu tulimkimbilia. Lakini mfumo wa mashine ni ule ule. Mwanaume anatisha, mwanamke anayeyuka, na kabla ya ukurasa wa mwisho inatolewa karatasi ya kumsafisha. Zamani karatasi ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Siku hizi ni laana, jeraha la utotoni, baba mkali.

Na kwa nini jangwani? Hili nimelifikiria sana nikiwa kwenye foleni ya maji, maana kama mnavyojua bloku yetu huu ni mwezi wa pili maji yanatoka yanapojisikia. Jangwa la riwaya hizi ni mahali pasipo na watu. Mchanga, mwezi, hema, wawili. Hakuna shangazi. Hakuna mjumbe wa nyumba kumi, hakuna jirani wa kugonga ukuta akisikia kelele, hakuna dada wa chumba cha pili wa kusema vua sweta nione. Mwandishi anawapeleka jangwani kwa sababu ile ile inayomfanya mtu fulani amwambie msichana "tutoke twende mbali, hapa kuna macho mengi."

Jangwa la kweli haliko hivyo. Mimi natoka Dodoma, si jangwa lile la ngamia lakini kiangazi chetu mnakijua. Mito ikikauka kina mama wanachimba mchanga wa mtoni mpaka maji yachuruzike, na pale kwenye shimo utakuta watu kumi na ndoo zao, zamu inajulikana, na ukitaka umbea wote wa kijiji nenda hapo. Sehemu yenye shida ya maji ndiyo yenye watu wanaojuana kupita kiasi, kwa sababu huwezi kuishi peke yako.

Hata hiyo Khorasan. Khorasan ni mahali pa kweli, kaskazini mashariki mwa Iran, na Rey, mji wa Khalid kitabuni, nao ni wa kweli, ingawa hauko Khorasan, magofu yake yako kusini mwa Tehran. Wamongoli waliubomoa karne ya 13. Sasa watu wa huko walifanyaje na ukame? Walichimba. Wana kitu kinaitwa qanat: unachimba kisima kirefu kwenye mwinuko mpaka ufikie maji, halafu unachimba handaki chini kwa chini lenye mteremko mdogo sana, maji yanatembea yenyewe kilomita na kilomita bila pampu mpaka yatokeze mashambani. Moja ya Gonabad, hukohuko Khorasan, ina handaki la kilomita 33 hivi, na kisima chake kikuu kinazidi mita 200 kwenda chini. Mwaka 2016 UNESCO ikaziweka qanat 11 za Iran kwenye orodha ya urithi wa dunia. Na kugawana walikuwa wanagawana hivi: bakuli la shaba lenye kitundu kidogo chini linawekwa juu ya chungu cha maji, linajaa taratibu, likizama, zamu moja imekwisha, anafuata mwingine. Kuna mtu kazi yake kukaa pale na kuhesabu.

Mimi hapo ndipo nilipochoka na ile laana kabisa. Watu wa kweli wa Khorasan walipokosa maji walishika sururu, wakahesabu bakuli. Kwenye kitabu wanapokosa maji wananyonga mabinti wa watu, na sisi tunaambiwa tumwonee huruma mnyongaji kwa sababu anaumia.

Najua majibu mliyonayo, nimeshayasikia yote kwenye varanda juzi.

"Ni hadithi tu." Sawa, ila mtu huyo huyo aliyeniambia ni hadithi tu alilia kwenye sura za mwisho mpaka akakosa kipindi cha saa mbili. Ikikuliza si hadithi tu, ikikufundisha ndiyo inakuwa hadithi tu?

"Alikuwa anaulinda mji." Hili ndilo lenye nguvu, nalikubali, siku nzima lilinisumbua. Roho moja au roho elfu? Lakini angalieni mji wenyewe ulijua nini. Haukujua kitu! Khalid hakumweleza mtu yeyote wa nje ya kasri kwa nini binti yake anakufa. Hakuwaita wazee akawaambia jamani nimelaaniwa, tufanyeje. Alibeba siri kama vile ni mali yake, akachagua mwenyewe nani afe, na wazazi wakaamka na maiti bila maelezo. Mtu anayelinda mji anauuliza mji. Na kuna jambo jingine, hizi riwaya huwa zinaona siri ni kitu cha kuvutia, mwanaume anayeficha ndiye mwenye kina. Nyumbani kwetu mwanaume anayeficha anaitwa mwongo.

"Kwa hiyo adui hawezi kusamehewa?" Anaweza. Hapa ndipo watu wananielewa vibaya, wanadhani nataka riwaya zote ziwe za watu wema wanaokutana maktaba. Hapana! Mimi nataka uadui. Nataka uadui wa kweli, wenye kosa lenye mwenyewe.

Someni The City of Brass ya S. A. Chakraborty, ya mwaka 2017, na zile mbili zinazofuata, The Kingdom of Copper ya 2019 na The Empire of Gold ya 2020. Nahri ni msichana tapeli wa Cairo, karne ya 18 Wafaransa wakiwa wameingia Misri, anaita jini kwa bahati mbaya, anatokea shujaa anaitwa Dara. Mzuri huyo, acheni kabisa. Wanavuka majangwa pamoja, wanatukanana, anamwokoa, na wewe msomaji unasema haya, ndiye huyu. Halafu unaanza kusikia jina la mji mmoja, Qui-zi. Watu wanamwogopa Dara kwa sababu ya yaliyofanyika Qui-zi. Ni mauaji ya raia, na aliyeongoza ni yeye. Ana utetezi pia: alikuwa kijana, aliamriwa na wale aliolelewa kuamini kwamba ni watakatifu. Mwandishi anampa nafasi ya kusema yote hayo, unamhurumia mpaka koo linakauka. Lakini Qui-zi haifutiki. Haji mtu mwishoni kutuambia kumbe hapakuwa na Qui-zi. Nahri anajua, na kujua kule kunabadilisha kila kitu. Nisiwaharibie zaidi ya hapa, ila Dara hampati Nahri.

Na adui wa pili wa Nahri ni Ali, mtoto wa ukoo uliowapindua mababu zake. Yeye na Nahri wanachukua vitabu vitatu kufika popote, na muda mwingi wanaoutumia ni wa kubishana juu ya nani alimfanyia nani nini, hospitali ijengwe vipi, nani aruhusiwe kutibiwa humo. Mapenzi ya kugombania hospitali! Mimi hayo yalinipasua moyo kuliko panga mbili za Khalid.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, nayo ni mjukuu wa Alfu Lela Ulela. Si ya mapenzi ya namna hii, ni ndugu watatu, lakini angalieni anavyolishika kosa. Wale nduguze wanamtosa Adili baharini kwa husuda, wanageuzwa manyani, na kila usiku lazima wachapwe, na mchapaji ni Adili mwenyewe ambaye anaumia kuliko wao. Msamaha unakuja, ndiyo, lakini unapita kwanza kwenye kile kiboko, kila usiku, na hakuna mahali tunaambiwa kwamba husuda ilikuwa ya mtu mwingine. Tulilisoma sekondari tukaona la kizee.

Basi nirudi rumuni kwangu.

Alhamisi nilimwambia ruumeti haya yote, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Alikasirika. Akaniambia mimi nasoma riwaya na kikokotoo mkononi, kwamba sijawahi kupenda ndiyo maana, na kwamba namfanya yeye ni mjinga asiyejua tofauti ya kitabu na maisha. La mwisho hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli. Hakumpenda yule kaka kwa sababu ya kitabu. Alimpenda kwanza, kitabu kikampa maneno ya kumtetea. Na maneno hayo nilimletea mimi, kwenye flashi.

Tukanuniana siku mbili. Kwenye chumba cha mita tatu kwa nne, jaribuni mwone.

Jumamosi tukiwa tunafua, nikamuuliza taratibu, bila ugomvi: yule rafiki yake Shahrzad, yule aliyenyongwa, aliitwa nani? Akafikiria. Akafikiria tena, povu mpaka kwenye viwiko. Akataja jina la mtumishi wa kasrini. Akasema subiri, naanza na S. Hakulipata. Na mimi ambaye naandika hapa kama jaji, wadau, siku ile ya Jumatano nilipokuwa nimelala nimekodoa macho darini nilijiuliza swali hilo hilo na sikulikumbuka, ikabidi nifungue simu. Shiva. Kitabu kizima kimeanza kwa sababu yake na sisi wawili tuliokimaliza kwa kulia tulimsahau jina.

Hakusema kitu. Aliangua tu nguo, akazikamua. Sweta lilikuwa ndani ya beseni.

Hawajaachana, msije mkadhani hii ni posti ya ushindi. Jana kaka alikuja mpaka kwa mlinzi, akaitwa, akashuka, akakaa nusu saa, akapanda. Sikuuliza. Jioni akaniomba ile The City of Brass, nikamrushia kwenye simu. Saa sita usiku nikasikia ananiuliza gizani huyu Dara ni mtu wa namna gani hasa, nikamwambia soma.

Ambaye ana The Kingdom of Copper yangu, ile ya karatasi niliyonunua kwa bumu la semista iliyopita, unajijua, naomba uirudishe, kuna mtu ataihitaji kabla ya wiki kwisha. Nimesikia mtu anapiga kelele kule chini kwamba maji yametoka. Nakimbia na ndoo, tutaonana.